Wageni wanaosema Kiswahili nao waongozwe kwa Kiswahili Unguja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo tulilokutana nalo mimi na familia yangu tulipokwenda Unguja wakati wa likizo ya Desemba. Naamini linawagusa Watanzania wengi wanaopanda boti Dar es Salaam kwenda kupumzika visiwani, na zaidi linawagusa wale ambao kazi yao ni kuwatembeza wageni huko.

Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71, ambaye alikuwa hajapata kuvuka bahari. Kabla ya kuondoka Morogoro tulikubaliana kwamba hatutakwenda kukaa ufukweni wiki nzima, bali tutajaribu ziara kadhaa za siku moja zenye mwongozaji, kila moja ya namna yake, ili watoto wakirudi shuleni wawe na la kusimulia na mama apate kukijua kisiwa alichokuwa akikisikia tu redioni. Katika siku saba tulikwenda ziara nne.

Ya kwanza ilikuwa matembezi ya miguu ndani ya Mji Mkongwe. Tulichanganywa na wageni kutoka Ulaya, jambo ambalo sikulipinga kwa sababu kundi likiwa kubwa gharama ya kila mtu hupungua. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mchangamfu mwenye adabu, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Alisimama mbele ya Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, akaeleza kwa kirefu. Akasimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, akaeleza tena kwa kirefu. Kila alipomaliza aligeuka kwetu na kusema sentensi moja au mbili za Kiswahili, kisha safari ikaendelea. Mama alikuwa akinivuta mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, wanasemaje?" Nami nikawa natafsiri kwa kadiri nilivyoweza, na kila nilipokuwa natafsiri la nyuma, la mbele lilikuwa linanipita.

Lililoniuma zaidi lilitokea Mkunazini. Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na pale ndipo lilipojengwa Kanisa Kuu la Anglikana chini ya Askofu Edward Steere, mtu aliyejifunza Kiswahili kwa bidii, akakusanya hadithi za Waswahili na kuchapisha kitabu cha sarufi ya lugha hii mwaka 1870. Uani mwa kanisa hilo kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Mama alisimama ukingoni mwa shimo lile kwa muda mrefu. Wengi wa watu waliouzwa mahali pale walitoka bara: walitoka pande za Ziwa Nyasa, Manyema na kwingineko, wakatembezwa hadi Kilwa na Bagamoyo, kisha wakapakiwa majahazini. Habari ile ni ya watu wetu. Aliyesimama pale akiwa na haki kubwa kuliko wote ya kuisikia alikuwa yule bibi kutoka milima ya Uluguru, na aliipata kwa sentensi mbili.

Jioni ile nilizungumza na wenyeji wa nyumba tuliyofikia, wakanishauri kwamba kwa ziara zilizobaki niulize lugha ya mwongozaji kabla ya kutoa fedha. Nilifanya hivyo, na tofauti yake ni kama usiku na mchana.

Katika Msitu wa Jozani, ambao tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, tuliongozwa na mtu mzima wa kijiji cha jirani. Alituonyesha kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake, akatueleza kwamba hula mkaa ili kupunguza sumu iliyomo katika baadhi ya majani wanayoyapenda, na kwamba zamani wakulima waliwachukia kwa kudhani wanaua miti. Watoto walimwuliza maswali mpaka nikaona haya, naye hakuchoka. Kisha akatupitisha juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, na hapo ndipo nilipoelewa hasara tuliyoipata siku ya kwanza. Miti ambayo mgeni huitiwa jina moja tu, mzee yule aliitenga mmoja mmoja kwa majina yake: mkoko, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi. Alieleza kwamba boriti zilizobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe zilitoka katika miti ya namna hii, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Mwanangu wa pili alishtuka, akasema, "Kumbe ndiyo sababu ile nyumba ya juzi ilikuwa kama ujia!" Ziara mbili ziliungana kichwani mwake kwa neno moja la Kiswahili, boriti, ambalo alilijua tangu utotoni.

Siku ya mashamba ya viungo, pande za Kizimbani, ilikuwa siku ya mama. Wasomaji wanaoufahamu mkoa wetu wanajua kwamba katika miteremko ya Uluguru nako hulimwa mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, na mama amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Mwongozaji alipogundua hilo aliacha maelezo aliyoyazoea, akamkaribisha. "Bibi, nyinyi kwenu pilipili manga mnaipandisha kwenye mti gani?" Wakazungumza wawili wale kwa karibu nusu saa juu ya vivuli, uvunaji na uanikaji, sisi wengine tukiwafuata nyuma na kusikiliza. Ni mwongozaji huyo aliyetueleza jinsi tufani ya mwaka 1872 ilivyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Sijui kama kuna mtalii mwingine siku ile aliyepata ziara nzuri kuliko ile, na haikutugharimu zaidi ya ile ya kwanza.

Ya mwisho ilikuwa ya baharini, kwa dau kutoka Fumba kuingia Ghuba ya Menai. Nahodha alitufundisha kuutambua upepo wa kaskazi na kutueleza kwa nini fungu la mchanga tuliloshukia lingefunikwa maji jua likipinda. Nataja kwa kifupi kwamba tuliona pia boti za mashine zikiwakimbiza pomboo huku watu wakiruka majini mbele yao, na kwamba nahodha wetu alikataa kusogea. Namshukuru kwa hilo.

Ndugu Mhariri, najua sababu ya mambo kuwa yalivyo. Mgeni kutoka ng'ambo hulipa zaidi na hutoa bahashishi, na kijana anayejifunza kazi hii hujifunza kwanza lugha itakayompa mkate. Simlaumu. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kabla ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, na sisi wa bara tumesomeshwa na kuhukumiwa katika mitihani kwa lugha iliyotoka katika vichochoro vile vile tulivyotembezwa kwa Kiingereza. Inafaa ikumbukwe pia kwamba msimu wa masika, wageni wa ng'ambo wanapopungua na hoteli nyingine kufungwa, mgeni wa ndani anaweza kuwapa waongozaji kazi, iwapo atajua kwamba atakaribishwa kwa lugha yake.

Ombi langu kwa wenye kampuni za utalii ni dogo. Katika mabango yenu ya bei, andikeni ni ziara zipi zinaongozwa kwa Kiswahili na siku gani. Kundi likiwa la mchanganyiko, Kiswahili kipewe muda sawa na lugha nyingine, si masalio ya muda. Na kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar, napendekeza kwamba mtu anapoomba leseni ya kuongoza watalii apimwe pia uwezo wake wa kueleza historia, miti na bahari ya kisiwa kwa Kiswahili fasaha, kwa sababu kuizungumza lugha nyumbani na kuongozea kwa lugha hiyo ni kazi mbili tofauti.

Wasomaji wenzangu wanaopanga safari nawashauri waulize lugha ya mwongozaji kabla ya kulipa, na wasibanane na ziara mbili katika siku moja kama wana wazee au watoto.

Mama ameshaanza kuniuliza habari za Pemba, kwani anataka kuiona mikarafuu iliyonusurika tufani ile. Natafuta sasa kampuni itakayotupeleka huko kwa Kiswahili, na ikiwa ipo miongoni mwa wasomaji wako, naomba itangaze katika gazeti hili hili nipate kuiona.

Wako,
Msomaji, Morogoro