Malalamiko kuhusu filamu yenu ya bunyip na Diprotodon

Kwa Meneja wa Vipindi vya Elimu,

Ndugu Meneja,

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Shule yetu ililipia mfululizo wenu wa filamu za wanyama zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na nyingi tumezitumia darasani bila tatizo. Ninalalamikia moja tu, ile ya bunyip, mnyama ambaye Waaborijini, yaani wenyeji wa asili, wa kusini-mashariki mwa Australia husimulia kuwa anakaa kwenye mabwawa, vinamasi na vidimbwi vya mito.

Msimulizi wenu anatamka kwamba sayansi imethibitisha kuwa bunyip ni Diprotodon, mnyama mkubwa wa Australia aliyetoweka zamani, na kwamba Diprotodon aliishi majini akiwinda watu. Wanafunzi wangu wameyaandika hayo kwenye madaftari, maana wamezoea kwamba kilichosemwa kwenye filamu ya elimu kimehakikiwa. Hakuna aliyethibitisha jambo hilo. Diprotodon alikuwa mla majani wa nchi kavu, ndugu wa wombati na koala, wanyama wa Australia wanaolea watoto mfukoni. Katika wanyama wote wanaolea watoto mfukoni ambao wamewahi kujulikana, hakuna aliyemzidi ukubwa: alifika takriban mita 1.8 begani, na uzito wake ulipita tani mbili na nusu. Alitoweka miaka 40,000 hivi iliyopita. Jina lake la kisayansi alipewa mwaka 1838 na Richard Owen wa Uingereza, kutokana na mifupa iliyotolewa kwenye mapango ya Wellington, New South Wales.

Linaloniuma ni kwamba dhana ya uhusiano kati ya wawili hawa ni nzuri mno kufundishia, nanyi mmeiharibu. Mwaka 1871 George Bennett, aliyekuwa na uhusiano na Makumbusho ya Australia jijini Sydney, alipendekeza kwamba huenda masimulizi ya bunyip yanahusiana na wanyama wakubwa wenye mfuko waliotoweka. Alipendekeza tu. Tangu hapo kuna njia mbili za kuielewa hoja hiyo. Ya kwanza ni kwamba mababu wa Waaborijini waliishi na Diprotodon kwa maelfu ya miaka, hivyo kumbukumbu yake ikapokezwa kizazi hata kizazi. Ya pili ni kwamba watu waliiona mifupa mikubwa ikichomoza kwenye kingo za mito na matope ya maziwa yaliyokauka, wakauliza ni ya nani. Binafsi naona hii ya pili ina nguvu zaidi. Katika ziwa Callabonna, Australia Kusini, miaka ya 1890 walichimbuliwa Diprotodon wengi waliokuwa wamenasa kwenye matope. Mtu akikuta mifupa ya namna hiyo kwenye kitanda cha ziwa, ana kila sababu ya kusema mwenye mifupa hiyo alikuwa mnyama wa majini.

Hata kumbukumbu za maandishi zinaunga mkono njia hii kwa sehemu. Julai 1845 gazeti moja la Geelong, Victoria, liliandika habari za mfupa mkubwa ulioonyeshwa kwa Mwaborijini, naye akasema mara moja ni wa bunyip. Lakini endeleeni kusoma habari hiyohiyo: bunyip anaelezwa kuwa na kichwa kama cha emu (ndege mkubwa wa Australia anayefanana na mbuni), kucha ndefu, na tena anataga mayai. Diprotodon hakutaga mayai. William Buckley, mfungwa mtoro aliyeishi miaka 32 na Wathaurong, Waaborijini wa eneo la Geelong, alisimulia katika kitabu kilichotoka 1852 kwamba aliona mgongo tu wa mnyama huyo, na ulionekana kuwa na manyoya ya ndege ya rangi ya kijivu. Hayo yote filamu yenu imeyaruka kwa sababu hayaendani na hitimisho lake. Imeruka pia lile fuvu la mto Murrumbidgee lililowekwa hadharani Sydney mwaka 1847 kama fuvu la bunyip, ambalo wataalamu walilitambua kuwa la ndama au la mtoto wa farasi mwenye kilema. Haitaji sili, ambao hupanda mto Murray kutoka baharini hadi mbali sana bara, wala yule ndege wa matete wa jamii ya yangeyange ambaye dume lake huvuma usiku kwa sauti nzito ya kutisha. Wako wanaoamini kuwa hao ndio chanzo cha sehemu ya masimulizi.

Kisha mkaweka picha za viboko. Australia haina viboko. Wanafunzi wa Morogoro wanawajua viboko vizuri, na walipowaona kwenye skrini wakaniuliza kama kiboko naye ana mfuko wa kulelea watoto.

Lipo kosa ninaloliona zito kuliko viboko. Msimulizi anawaita Waaborijini "kabila la kale" lililobuni jini kwa sababu ya kuogopa mifupa. Watu hao wapo leo, ni mataifa mengi yenye lugha zao, na masimulizi ya mnyama huyu yanatofautiana kutoka mahali hadi mahali. Katika filamu nzima hakuna Mwaborijini hata mmoja anayezungumza. Sisi ambao hadithi za mababu zetu zimewahi kuandikwa na wageni kama upuuzi hatupaswi kuwafanyia wenzetu vivyo hivyo kwa Kiswahili.

Naomba mrekodi upya sehemu hizo za maelezo: neno "imethibitisha" liondoke, Diprotodon aelezwe kama mla majani wa nchi kavu, na ushahidi unaopingana utajwe. Picha za viboko ziondolewe. Kauli kuhusu Waaborijini ifutwe na mtafute sauti yao wenyewe. Shule zote zilizonunua mfululizo huu zipelekewe taarifa ya masahihisho kwa maandishi, maana walimu wengine huenda hawana namna ya kugundua.

Kama hamtairekebisha filamu, tunataka turudishiwe fedha za filamu hiyo. Hadi nipate jibu lenu sitaionyesha tena darasani, na somo hilo nitalifundisha kwa ubao na chaki.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro