Miguu ya plake mbele, musi nyuma

Bwana redakteri, jambo kwenu bote,

Mi niko msomaji wenu hapa Lubumbashi, komini Katuba. Mwezi wa kumi ukifika huku kila mtu anajua vile bati inatuunguza, saa nane huwezi kukaa mu saloo. Bantu banaweka plake za jua (paneli za sola) sababu ya kura (umeme) kukatikakatika, halafu kura yote ya plake inaishia mu vantilatere (feni) ya kupigana na joto ya bati ileile! Na mi nilikuwa hivyo, njo nikaita fundi wa musi, ile povu ya kupuliza juu ya paa.

Musi yenyewe iko muzuri, sidanganye. Dawa mbili zinakutana ku mdomo wa bomba, inatoka sawa maji, sekunde chache inavimba sawa unga ya mikate, karibu mara 30, inakauka ngumu. Sentimeta 5 tu na joto inabakia inje, hata mvua ikipiga tunasikia redio.

Shida ni kama plake zilikuwa tayari juu. Fundi akapuliza kandokando, upepo ikabeba matone mpaka ku vioo vya plake, na ile kitu haitoke na maji wala sabuni, mtoto wangu akakwaruza na kisu, sasa plake mbili ziko na mikwaruzo. Chini ya plake bomba haikufika, njo pale joto inapitia mpaka leo. Halafu akaona plake moja inachezacheza, akatoboa upya mu musi yenye imeshakauka, akakaza vis (skrubu), akaenda zake. Mvua ya kwanza ya Novemba, to, to, to, juu ya mfuko wa unga. Na musi inaficha, maji inaingilia huku inatokea kule, siku tatu tunatafuta tundu!

Kumbe ilikuwa bafunge kwanza miguu ya chuma ku mbao za paa, hapana ku bati tu, musi ipulizwe kuzunguka ile miguu mpaka kila tundu ifungwe, bapake rangi ya kukinga jua (ikibaki wazi inageuka njano, kisha kahawia, ukipitisha kidole inatoka vumbi), ndiyo plake zipande, zikiangalia kaskazini, na nafasi ya upepo chini yake, maana plake nayo haipendi joto, ikipita digri 25 kila digri inapoteza karibu 0,4 kwa mia ya nguvu yake. Nyaya zipite mu tiyo (mrija), musi ikishika moto moshi yake inaua. Na siku ya kupuliza mulale kwa ndugu, mi nilibaki, nilikohoa wiki nzima.

Fundi nilimulipa yote mbele, ujinga wangu, sasa hashike telefone. Bwana redakteri, kama munajua mtu mwenye kuweza kazi zote mbili, musi na plake, mumuandike ku ukurasa wenu. Kwangu kuko plake 6 za kushusha na kupandisha tena, na Novemba ingine iko karibu.

Msomaji wa Katuba, Lubumbashi