Breki za Kirikuu kwenye guta: laki nne na themanini inakwenda wapi

Wiki iliyopita jirani yangu anayeziba pancha alinivuta pembeni. "Fundi, kule Kibirizi kuna mzee anakutangaza. Anasema ulimtajia laki nne na themanini kwa breki za nyuma za guta, na mwenzako kamfungia kwa laki na nusu."

Ni kweli nilimtajia, bei ya kufunga breki za Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenye guta lake, yaani pikipiki ya mizigo ya matairi matatu. Mzee mwenyewe namheshimu, ni mteja wa siku nyingi, beringi zake za mbele nimezibadilisha mimi mara mbili. Ila si yeye peke yake. Mwezi haupiti bila mtu kusimama hapa gereji, Mwanga ya Kigoma, akaniuliza "breki tu, fundi, breki tu?" kana kwamba nimemtajia bei ya injini. Leo naandika yote. Anayeona ghali asome kwanza, ndipo akanitangaze.

Breki ya nyuma ya maguta mengi yanayokuja hapa ni ya fimbo. Unakanyaga pedeli, fimbo inavuta mkono, mkono unazungusha kemu, kemu inatanua shuu (vile vipande vinavyosugua) ndani ya dramu, bakuli la chuma linalozunguka na tairi. Mengine yana breki ya oili tangu kiwandani, lakini shuu ni nyembamba mno kwa kazi tunayoyapa. Kwa mzigo ulioandikwa kwenye kile kibao cha kiwandani zinatosha. Nani Kigoma anasoma kibao? Dumu 40 za mawese, za lita 20, ni kilo zaidi ya 700 kabla hujamhesabu dereva, mbebaji na guta lenyewe. Nimeshaona dumu 50 na mtu amekaa juu yake anakula muhogo.

Na sisi hatukai kwenye tambarare. Mzigo wa tani moja ukishuka mita 100 za kimo (siyo za barabara, za kimo) joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita tatu za maji. Dereva aliyeweka fri, yaani ametoa gia, ili aokoe mafuta, joto hilo karibu lote linaingia kwenye dramu zake, kila moja ndogo kuliko sahani ya ugali. Anayetoka Kalinzi na ndizi mpaka Mwandiga anashuka hizo mita 100 mara kadhaa. Dramu ikipata moto inatanuka, inaikimbia shuu. Shuu ikiungua uso wake unang'aa kama kioo, na kioo hakishiki kitu. Wengi wanaokuja kwangu wanasema "breki zimeisha." Ukifungua, shuu bado nene, imeungua tu.

Ndiyo maana tunafunga za Kirikuu. Kirikuu nyingi zinavaa rimu ya inchi 12 kama guta, kwa hiyo dramu inaingia ndani ya rimu bila ugomvi. Shuu ni pana, zinasukumwa na oili, na hendibreki ya waya imo humo humo. Hendibreki watu hawaithamini mpaka siku wanapakia kwenye mteremko na lile jiwe chini ya tairi linateleza.

Sasa mzee wangu hakutaka dramu. Alikuja na kalipa mbili (zile koleo zinazobana diski) na diski zake kutoka mbele ya gari dogo, mtumba, amezinunua kwa bei nzuri tu, zimefungwa kwenye kiroba. "Diski ndiyo breki ya kisasa. Wewe funga tu." Nikamwambia mzee, kwanza diski hizi haziingii kwenye rimu ya 12. Pili, masta yako, ile pampu inayosukuma oili ukikanyaga pedeli, haiziwezi. Akaona namzungusha ili nimuuzie vya kwangu.

Hiyo ya masta ndiyo watu hawaielewi, kwa hiyo vumilieni hesabu kidogo. Oili ya breki haibanwi. Masta ikisukuma kijiko kimoja, kule kwenye matairi kinafika kijiko kimoja, hakizai. Pistoni ya kalipa zile niliipima kwa venia mbele yake, milimita 48. Masta ya guta lake, 14. Eneo la duara linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo pistoni moja ya kalipa inataka oili karibu mara 12 ya ile inayotolewa na masta kwa mwendo ule ule. Ili pistoni zote mbili zisogee nusu milimita tu, masta lazima isafiri karibu milimita 12. Na mwendo wake wote ni kama 15. Ongeza paipu ya mpira inayotanuka, ongeza diski ya mtumba iliyopinda inayozirudisha pistoni nyuma kila ikizunguka, pedeli inagonga chini breki haijashika. Ukipampu mara tatu itashika, sikatai. Lakini ukiwa unatelemka Lumumba kuelekea stesheni, na watu wanavuka, una muda wa kupampu mara tatu?

Wengine wakishasikia hivyo wanakimbilia masta ya gari. Hilo nalo ni kosa, la upande wa pili. Masta ya gari imezoea kusaidiwa na busta, na busta inavuta upepo wa injini. Guta halina kitu hicho. Unabaki na pedeli ngumu kama unakanyaga jiwe, paja linauma, guta linaendelea na safari. Sisi tunapima kwanza wili silinda tulizozipata (zile silinda ndogo za kwenye matairi zinazosukuma shuu), ndipo tunachagua masta, na mara nyingi tunasogeza tundu la fimbo kwenye pedeli ili mguu upate nguvu. Kazi hiyo haionekani. Mteja akija kuchukua chombo chake anaona dramu zimepakwa rangi, haoni tundu lililosogezwa sentimita mbili, na lile tundu lilitutafuna nusu siku.

Aliyemfungia mzee alimbadilishia na rimu, kaweka za 14 ili diski ziingie. Nasikia sasa analalamika guta halipandi. Halitapanda! Tairi likiwa kubwa, gia nayo inakuwa ndefu. Mlima aliokuwa anaupanda kwa gia ya pili sasa anaupanda kwa ya kwanza, anaunguza klachi. Hiyo haikuwemo kwenye laki na nusu.

Kuna fundi anachomelea sahani ya breki, ile inayobeba shuu, moja kwa moja kwenye nyumba ya ekseli. Ni haraka, saa mbili kazi imekwisha. Moto wa kuchomelea unapinda kiti cha beringi, oili sili (raba inayozuia oili isivuje) haikai sawa, baada ya wiki chache oili ya difu inaingia kwenye shuu. Mteja anaambiwa azioshe shuu kwa petroli au azichome kidogo juu ya jiko. Zinaonekana kavu. Zikipata moto barabarani, oili iliyokuwa imejificha ndani inatoka tena. Shuu iliyolowa oili ni ya kutupa. Kwangu sahani inakaa juu ya bamba la chuma tulilochonga kwenye mashine, likakazwa kwa bolti za 8.8, na tunalipima lizunguke katikati ya habu. Siku nyingine fundi wa kuchonga ana foleni, tunasubiri. Mteja ananuna, ninamwagizia chai.

Paipu pia. Paipu ya shaba ya friji inapatikana kirahisi, inapindika kwa mkono, na watu wanaipenda. Haikutengenezwa kwa presha ya breki, na ikitikisika kila siku kwenye barabara zetu inakakamaa, inapasuka pale pale penye mdomo. Tunatumia paipu ya breki, ya milimita 4.75, na mdomo wake tunaukunja mara mbili.

Niwasimulie la goroli. Dereva mmoja wa Gungu alifika hapa guta limekunjamana mbele kama kopo lililokanyagwa. Miezi miwili nyuma, wili silinda ya kulia ilikuwa inavuja. Spea hakuna siku hiyo, fundi wa njiani akatumbukiza goroli ndani ya paipu ya kulia, akakaza nati, akamwambia "hiyo itakusogeza." Ikamsogeza kweli. Mpaka siku ya mvua, nyuma ana matenga ya nyanya, akakanyaga kwa nguvu. Tairi la kushoto likashika, la kulia halina habari, guta likageuka lenyewe kushoto likaingia mtaroni. Alipona, ana kovu kwenye kidevu. Raba za wili silinda bei yake ni kama chai na chapati za watu wawili. Yeye alilipia foku, rimu, taa, na nyanya za mama wa watu, na yule mama alihesabu mpaka zilizokuwa zimeoza tangu nyumbani.

Na mwingine, huyu wa mawese. Oili ya breki ilimwishia njiani, akafungua dumu mojawapo la mzigo akajaza kikopo cha masta. Mchana ule breki zikafanya kazi, akajiona mjanja. Asubuhi ya kesho yake, baada ya usiku wa baridi, mawese yameganda ndani ya paipu, pedeli haishuki. Raba zote zimevimba kama maandazi. Tulibadilisha masta, wili silinda mbili, paipu zote, na kila kitu tukakisafisha kwa spiriti. Jamani, oili ya breki ni DOT 3 au DOT 4, imeandikwa kwenye kopo. Siyo mawese, siyo oili ya injini, siyo maji ya sabuni. Na kopo likishafunguliwa usilihifadhi mwaka mzima chini ya kiti. Oili hiyo inanyonya unyevu wa hewa, na kadiri inavyonyonya ndivyo inavyochemka mapema. DOT 3 mpya inavumilia nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka ndani ya paipu inageuka mvuke, na mvuke unabanwa, pedeli inazama.

Mimi mwenyewe nilishaharibu, sitaki mseme najisifu tu. Miaka ya mwanzo nilifunga seti ya mtumba, wili silinda mbili zinafanana kwa macho, rangi moja, bolti sawa. Guta likawa linavuta upande mmoja. Nikarekebisha shuu, nikabadilisha shuu, nikatoa upepo mara tano, bado linavuta. Nilipokuja kupima, moja ni ya 17, nyingine ya 19. Tofauti ya milimita mbili ni robo nzima ya nguvu. Nilirudia kazi yote kwa hela yangu. Tangu siku hiyo mzigo wa mtumba kutoka Ilala ukifika, venia inaingia kabla sijaulipia, na dramu naisoma ile namba ya mwisho wa kuchongwa iliyogongwa pembeni. Ikishapita hapo inarudi ilikotoka. Kurudisha kitu Dar kutoka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, mnajua wenyewe.

Haya, hesabu. Seti ya mtumba, sahani na dramu pande zote mbili, inanifikia kwa laki moja na tisini. Shuu mpya na raba mpya elfu sitini, shuu za mtumba sifungi hata ukiapa. Masta elfu arobaini na tano. Kuchonga elfu arobaini na tano. Paipu, oili na bolti elfu arobaini. Inabaki laki moja ya kazi, watu wawili, siku mbili, pamoja na majaribio. Gawanya mwenyewe uone huyo mwizi anapata nini.

Majaribio tunafanya guta tupu kwanza, halafu na mifuko ya mchanga, tambarare halafu mlimani. Na hili nawaambia wazi kabla hamjalipa: guta tupu lenye breki za Kirikuu, kwenye lami yenye maji, ukikanyaga kwa hasira matairi ya nyuma yanafunga na unateleza. Breki imewekwa kwa ajili ya mzigo. Ukiwa mtupu, kanyaga polepole. Na ukiwa na mzigo unashuka na gia, hakuna breki niliyoifunga mimi iliyokusudiwa mtu wa fri. Baada ya wiki mbili rudi tukaze upya, shuu zikishakaa. Hiyo hatutozi, na bado nusu ya wateja hawarudi.

Mzee wangu wa Kibirizi, kama kijana wako anakusomea haya, zile kalipa usizitupe, kuna mwenye gari anazitafuta na nitakuunganisha naye. Rimu zako za 12 mdai yule fundi kabla hajaziuza.

Wengine wote, leteni guta asubuhi na mapema, tupu. Anayebeba dagaa na migebuka aje ameliosha vizuri kabisa, kwa sababu mimi na vijana wangu tunalala chini yake siku mbili.