Mama anayekaribia kukoma hedhi asiambiwe tu avumilie

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu afya ya wanawake hapa Bukavu, nami naomba kuongeza jambo moja: miaka ya kuelekea kukoma hedhi. Wengi huiona baada ya kutimiza miaka 40, nayo huweza kudumu miaka kadhaa: joto la ghafula, usingizi kukatika, hedhi kuvurugika.

Akina mama wengi wa Kadutu na Bagira huambiwa, "Ni umri, mama, vumilia." Hilo linaniuma, kwani miili haifanani. Mwenye uvimbe katika kizazi anaweza kutokwa damu hadi ikampungukia kabisa. Aliyeugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi homoni za kutuliza dalili hizi, na aliyewahi kuganda damu mishipani huhatarishwa na vidonge vya estrojeni, homoni ya kike. Dawa iliyomfaa jirani, hata kama ilimfaa sana, yaweza kumdhuru mwingine.

Naomba vituo vya afya viulize kwanza magonjwa ambayo mama amepitia, vimpime shinikizo na wingi wa damu, na vimpeleke kwa daktari wa wanawake mapema anapotokwa damu kupita kiasi. Wauguzi wafundishwe hayo, maana ndio anaowaendea kwanza.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu