Mstari mmoja tu wa komandi, mbona bei hiyo? Kuhusu folda zinazogoma kufutika

Kuna lalamiko linajirudia mno kwetu na juzi limekuja tena kwa hasira kabisa, kwa hiyo acha tulijibu hapa hapa wote msome. Mteja analeta mashine, kuna folda imegoma kufutika, kahangaika nayo kwenye CMD, lile dirisha la kuandika komandi, mpaka kachoka. Fundi anakaa, anamuuliza maswali, anachungulia huku na kule, mwishoni anaandika komandi moja fupi na folda inaondoka. Bili ikitoka mteja anaruka: yaani mstari mmoja tu? Huo hata mimi ningeuandika! Huyu wa juzi kasema kabisa tumemwibia.

Sawa bosi, ungeuandika, hatubishi. Ila mstari upi? Maana hiyo mistari ipo kibao mtandaoni na wewe mwenyewe umekuja ukiwa umeshajaribu karibu yote, ndo maana mashine ilifika kwetu na matatizo matatu wakati ilitoka kwako na moja.

Folda haigomi bila sababu. Aidha kuna programu imeishikilia, au akaunti yako haina ruhusa, au jina lake lina kasoro, au diski yenyewe inaumwa, au hicho unachokiita folda wala si folda. Kila moja ina dawa yake na dawa ya hii ukiipeleka kwenye ile unaharibu. Kazi tunayotoza ni kujua ni ipi kati ya hizo, kuandika ni sekunde tu hilo hata sisi tunalijua.

Tukiuliza imekataa ikasemaje, jibu ni lile lile kila siku, "imeandika tu vitu vya Kiingereza nikafunga." Jamani. Hivyo vitu vya Kiingereza ndo nusu ya kazi yenyewe.

Tuanze na Windows maana ndo nyingi. Kwanza kuna wale wanaoandika `del` halafu wanashangaa folda bado ipo. `del` inafuta mafaili, folda inabaki pale pale, hiyo unaiondoa kwa `rd`, na kama ina vitu ndani unaweka `rd /s`, vinginevyo itakwambia `The directory is not empty` na iko sahihi. Ukiongeza `/q` haikuulizi tena kama una uhakika. Na ieleweke kwamba ukifuta kwa komandi hakuna cha kwenda kwenye pipa la taka, imeenda imeenda, wengi wanakuja kuokota kwenye pipa wanakuta patupu halafu lawama kwa fundi.

Ukiona inasema faili `is being used by another process` basi kuna programu imeishika, na mara nyingi sana mshikaji ni wewe mwenyewe, umefungua dirisha jingine la CMD uka-`cd` (yaani ukaingia) ndani ya folda hiyo hiyo ukalisahau huko nyuma. Hata kama folda ni tupu haitoki mpaka lile dirisha lifungwe au utoke humo. Nyingine ni antivairasi inapekua, au programu ya kupeleka mafaili kwenye wingu. Kumjua mshikaji andika `resmon`, nenda sehemu ya CPU, pale kwenye Associated Handles tafuta jina la folda, atatokea na jina lake. Kuna wanaosema we zima tu uwashe, sawa, inasaidia, ila kama hiyo programu inaamka pamoja na mashine itaishika tena kabla hujakaa vizuri, hapo ndo unaingia safe mode, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Sasa we unalazimisha ruhusa wakati tatizo ni mshikaji, ni sawa na kugonga kitasa kwa nyundo wakati mlango una komeo kwa ndani.

`Access is denied`, yaani huna ruhusa, ndo nyumbani kwa njia za mkato. Mtandaoni utaambiwa `takeown` (kuchukua umiliki) halafu `icacls` (kugawa ruhusa). Komandi nzuri tu hizo, tunazitumia wenyewe, mfano umechomeka diski ya mashine ya zamani, mmiliki wa zile folda ni akaunti ambayo kwenye mashine hii haipo, hapo unaandika `takeown /f D:\zamani /r` kisha `icacls D:\zamani /grant jina:F /t` na maisha yanaendelea. Ubaya ni pale mtu anaandika `C:\` nzima. Kuna mteja alitaka kuondoa folda moja tu ya programu aliyokwishaiondoa zamani, ikamkatalia, akachukua umiliki wa diski C yote na kumpa kila mtu ruhusa zote. Ile folda ilitoka, ndiyo. Baada ya hapo programu za Store zikawa hazifunguki, masasisho yanafeli, na hakuna mstari mmoja wa kurudisha ruhusa za diski nzima zikawa kama zilivyotoka kiwandani. Tulihamisha mafaili yake tukapiga Windows upya. Ile bili ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ambavyo angelipa kwa folda ile moja, na hapo ndo mtu anasema tuna bei.

(Ile `Windows.old`, folda ya Windows ya zamani, nayo muiache ijiondokee kwa Disk Cleanup. Haina haja ya vita.)

Halafu kuna za majina, hizi tunazipenda kusema kweli. Ililetwa mashine ina folda inaitwa `aux`, ilitoka kwenye kazi iliyohamishwa kutoka Linux, na Windows ilikuwa haiifungui, haibadilishi jina, haiifuti. Tangu enzi za DOS majina kama CON, PRN, AUX, NUL, COM1 na LPT1 yametengwa kwa ajili ya vifaa, kwa hiyo ukiitaja `aux` Windows inadhani unazungumzia kifaa. Mwenye mashine alikuwa ameshaambiwa na mtu aformati diski. Aformati kwa ajili ya herufi tatu! Dawa ni kuandika njia nzima (anwani ya folda kuanzia diski) ukitanguliza `\\?\`, yaani `rd /s "\\?\C:\kazi\aux"`, ile alama ya mbele inaiambia Windows isilichakate jina, ilichukue lilivyo. Hiyo hiyo inasaidia kwa majina yanayoishia na nafasi au nukta, ambayo ukiyaangalia kwa macho huoni kitu, unaandika jina vilevile unaambiwa halipo, unaanza kudhani mashine ina mapepo.

Na njia ndefu pia. Kikomo cha kawaida cha njia kwenye Windows ni herufi 260, sasa mtu ana folda ndani ya folda ndani ya folda, hasa za waandika programu, inapita hapo na zana nyingi zinashindwa kuigusa. `\\?\` inafaa au unatengeneza folda tupu uandike `robocopy C:\tupu C:\kazi\ndefu /mir`, robocopy inaifanya ile ya pili ifanane na ile tupu, yaani inaikomba yote. Inafanya kazi vizuri mno, ndo maana soma jina la pili mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, ukikosea hapo imekomba kingine.

Linux sasa. Huku watu wana ujasiri wa ajabu, kitu kikikataa tu ni `sudo rm -rf` (futa vyote kwa mamlaka ya msimamizi bila kuuliza), ikikataa tena ni `chmod -R 777` (kila mtu apewe ruhusa zote). Hii ya pili inatuuma. Kwanza mara nyingi haikusaidii hata kidogo, maana kwenye Linux ruhusa ya kufuta kitu haiko kwenye kitu chenyewe, iko kwenye folda iliyokibeba. Unaweza kuipa folda yako 777 mpaka kesho, kama ile ya juu yake huna ruhusa ya kuandika, haitoki. Pili kuna aliyeanzia kwenye `/` kabisa, mzizi wa mfumo mzima. Mashine ikaanza kumwambia `sudo` lazima iwe na setuid bit, alama inayoiruhusu ifanye kazi kama msimamizi mkuu, maana 777 iliifuta, yaani kaondoa ufunguo wa pekee aliokuwa nao, na SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, nayo ikazikataa funguo zake kwa sababu faili la ufunguo wa siri lisomekalo na kila mtu inaligomea. Seva nzima imesimama kwa folda ya picha za majaribio.

Kama hata root, yaani msimamizi mkuu, anaambiwa `Operation not permitted` acha kulazimisha, andika `lsattr -d jina`. Ukiona herufi `i` basi folda imefungwa isiguswe, unaifungua kwa `chattr -i`. Rahisi, lakini jiulize nani kaiweka. Tulipata seva ya tovuti, mteja katutumia ujumbe mfupi, "nifutieni hii folda tu." Ina `i`, yeye hajaiweka, aliyemtengenezea tovuti hajaiweka. Tukaifungua, tukaifuta, baada ya muda mfupi ikarudi yenyewe. Kwenye `crontab`, orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba, kulikuwa na mstari unaoitengeneza upya kila mara, na kuna mtu alikuwa anatumia seva ile kwa shughuli zake. Kufuta folda ilikuwa dakika, kumfukuza mgeni na kubadili paswodi zote ilikuwa kazi kweli. Naye alilalamika kwamba aliomba folda tu.

`Read-only file system` ikitokea ghafla kwenye diski iliyokuwa inaandikika jana, tafadhali, hilo wala si tatizo la folda. Mara nyingi Linux imekuta makosa kwenye diski ikaamua kufunga kuandika ili isizidishe uharibifu. Angalia `dmesg`, kumbukumbu za mfumo, ukiona I/O error (makosa ya kusoma na kuandika) nyingi ujue diski inakufa. Watu wanairudisha iandikike kwa nguvu ili wafute wapate nafasi, na kila ukiilazimisha unaimalizia pumzi. Sisi hapo hatufuti chochote, tunanakili kwanza kila kinachosomeka kwa `ddrescue` kwenda diski nyingine, na kunakili diski mgonjwa kunachukua muda mrefu, ndo maana tunasema acha mashine, usikae hapo kutusubiri.

Sasa hii ya mwisho ndo imemleta huyu wa juzi, ingawa yeye aliona ni kitu kidogo. Folda yake ilikuwa inasema `Device or resource busy`. Alikuwa ameandika `sudo rm -rf` mara kadhaa, kila mara jibu ni hilo hilo, akaja kwetu akitaka tumalizie. Fundi hakufuta. Aliandika `findmnt`, na ile folda ikatokea kwenye orodha: ilikuwa ni mahali diski ya nje ya bekapu ilipounganishwa. Na hapa watu hawajui kitu kimoja. `rm -rf` ikikutana na folda ya namna hiyo inaingia ndani inafuta kila kitu kwanza, mwishoni kabisa inapojaribu kuondoa folda yenyewe ndo inagoma. Kwa hiyo lile neno busy aliloliona ni la mwisho, bekapu zilikuwa zimeshakwenda tangu alipobonyeza mara ya kwanza. Yeye anasema imegoma, kumbe imegoma kuondoa ganda tu.

Komandi tuliyoandika ni `umount` (kuitenganisha diski), kisha `rmdir` (kuondoa folda tupu). Ndiyo, fupi. Kilichogharimu ni kusimama kabla, kumwambia ile diski isiandikwe kitu tena, na kuipeleka kwenye kurejesha mafaili. Bahati yake ilikuwa diski ya kuzunguka, sehemu kubwa ilirudi. Ingekuwa SSD yenye TRIM (inayosafisha nafasi ya vilivyofutwa) inayofanya kazi tungemwambia ukweli asubirie kidogo sana au asubirie sifuri, na bado tungemtoza kuangalia.

Kuhusu hilo la kutoza kuangalia, ndiyo, tunatoza, hata tukigundua ni dirisha la CMD ulilolisahau wazi. Kama hutaki kulipia hilo, lifunge kabla hujaja.

Na mkituletea, pigeni picha ya ujumbe wote na njia nzima ya folda, si jina la mwisho tu. Mtuambie pia mmeshajaribu nini. Kwenye CMD ukifunga dirisha zile komandi zimepotea, kwa hiyo liacheni wazi kama mnaweza. Kwenye Linux msihangaike kutuficha, `history` tutaisoma wenyewe.