Kufunga, Usafi wa Seli na Saratani: Usiache Dawa Kwanza

Ramadhani ikikaribia, kwenye duka letu la dawa Mtwara mjini swali huwa lilelile: ni kweli ukifunga mwili unaila saratani? Swali lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu.

Ndani ya seli vitu huchakaa: protini zilizokunjika vibaya, mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) zilizoharibika. Seli huvizungushia utando kama mfuko, mfuko huungana na lisosomu, kifuko chenye vimeng'enya vya kuvunja vitu, taka huvunjwa na malighafi yake hutumika upya. Ni kama fundi wa Msangamkuu anayevunja mashua kuukuu apate mbao na misumari. Kazi hiyo huitwa otofaji. Mjapani Yoshinori Ohsumi alizigundua jeni zake kwenye hamira, jamii ileile ya maandazi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Usipokula, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) hushuka na otofaji huongezeka. Panya wanaopunguziwa chakula mara nyingi huishi zaidi. Kwa binadamu, anayekuambia inaanza saa ya 16 kamili ya kufunga anabahatisha. Hospitali hazina kipimo cha kawaida cha jambo hilo.

Sasa saratani. Kwenye seli zenye afya, usafi huu husaidia kulinda jeni zisiharibike. Uvimbe ukishakuwepo, seli zake hutumia njia hiyohiyo kujilisha pale damu isipofika vizuri, hata kustahimili dawa. Ndiyo maana watafiti wamejaribu hidroksiklorokwini, inayozuia otofaji, pamoja na dawa za saratani. Mgonjwa aliyepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, asifunge kabla ya kuongea na daktari wake.

Wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi ndio tunaowahofia zaidi, maana sukari huweza kuporomoka alasiri. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, fungua hapohapo: kijiko kikubwa cha sukari kwenye nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15. Kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, masheikh wengi wamelisema.

Njoo wiki 6 kabla ya mfungo tupime sukari na uzito, tukuandikie vipimo vya kumpelekea daktari apange dozi ya daku na futari. Beba vidonge vyenyewe. "Kile cheupe kidogo" tunavyo vya aina nyingi.