Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: Kiwanja na dawati vipangwe meza moja

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa kata moja ya pembezoni mwa Jiji. Tulipohamia, ng'ambo ya uzio wetu kulikuwa na shamba la zabibu. Leo pale pamejaa mageti ya chuma na misingi mipya, na kila asubuhi naona watoto nisiowajua wakipita na mabegi mgongoni.

Oktoba nilikwenda kumwandikisha kitindamimba wangu darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa amekaa chini ya mti, kaunta buku mapajani, upepo wetu huu wa Dodoma ukimgeuzia kurasa. "Mama, cheti cha kuzaliwa umekuja nacho?" Nikampa. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kisha akalipindua daftari na kuanza kuandika kutokea nyuma, maana kurasa alizozipigia mistari zilikuwa zimekwisha na foleni bado ilikuwa inafika getini. Hakulalamika. Aliandika jina la mwanangu kwa mwandiko mzuri kabisa, akasema, "Tutawapokea wote." Namwamini. Ila vyumba vya kutimizia ahadi hiyo hajengi yeye.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, watoto waliokuwa nyumbani wakaja shuleni. Julai mwaka huohuo Rais Magufuli akatangaza Serikali kuhamia Dodoma, na watumishi wakaja na watoto wao na barua za uhamisho. Shule zilezile zikapokea makundi yote mawili.

Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA tuliyoizoea, iliyokuwa ikipima na kugawa viwanja, ilivunjwa na kazi zake zikahamia halmashauri. Aprili 2018 tukawa Jiji. Wengi wanayakumbuka mabadiliko hayo kwa habari ya hati na kodi ya ardhi. Mimi nayatazama kwa jicho la mzazi: tangu hapo, anayepima viwanja na anayesimamia shule ya msingi wote wako chini ya ofisi yako. Zamani mmoja angeweza kusema hakujua mwenzake anafanya nini. Sasa wanapishana kwenye korido moja.

Najua si kila kitu kiko mkononi mwako. Ajira za walimu zinatoka juu, mtaala ni wa Wizara ya Elimu, nidhamu na vyeo vya walimu viko Tume ya Utumishi wa Walimu, na fedha nyingi za madarasa hushuka kupitia TAMISEMI. Sitakulaumu kwa ya wengine. Lakini ardhi iko kwako, na shule huanzia kwenye ardhi.

Tufanye hesabu ya sokoni. Mtaa mpya ukipimwa viwanja 2,000, na kila nyumba ikawa na mtoto mmoja tu wa shule ya msingi, hao ni watoto 2,000. Kwa uwiano wa watoto 45 kwa darasa, unahitaji vyumba 45. Shule yenye mikondo miwili, darasa la kwanza hadi la saba, ina vyumba 14. Kwa hiyo mtaa huo mmoja unataka shule tatu, na bado vyumba vitatu vinapungua, ukiacha darasa la awali, matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Hesabu hii inaweza kufanywa siku mchoro wa mipango miji unapopitishwa. Hakuna haja ya kusubiri mpaka mwalimu apindue daftari.

Ombi langu la kwanza ni hilo: sehemu ya fedha ya kila mauzo ya viwanja ijenge shule ya mtaa huohuo, na ujenzi uanze kabla ya kiwanja cha mwisho kuuzwa. Sisi wananchi tuko tayari kuchangia nguvu. Tumekwisha kubeba mawe na maji, tumesimamisha maboma mpaka kwenye lenta. Kinachotukatisha tamaa ni boma kukaa misimu mitatu ya mvua bila bati huku matofali yanamong'onyoka.

La pili, bandika ramani. Kwenye ofisi ya kila mtaa iwepo ramani inayoonesha kiwanja cha shule kiko wapi, kina ukubwa gani. Wazazi wakikijua watakilinda. Hakuna atakayekimega usiku bila sisi kumwona.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kwa mtaala mpya, watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Walioingia darasa la nne mwaka huohuo 2024 watamaliza la saba, nao ni 2027. Makundi mawili yatatoka mlango mmoja na kugonga kidato cha kwanza Januari 2028. Tena sera mpya imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, kwa hiyo hakuna mtoto wa kuachwa nyuma. Jambo hili liko kwenye kalenda, halitakuja kwa kushtukiza. Naomba utuambie hadharani, kata kwa kata: ni vyumba vingapi vya sekondari vilivyopo, vingapi vitaongezwa, na vitaanza kujengwa lini. Kama mnapanga watoto kuingia kwa zamu, asubuhi na mchana, tuelezwe mapema ili tujue nani atawavusha barabara kuu jioni malori yakiwa yanapita.

Nyumbani kwangu wako wote wawili. Mmoja alikuwa la tatu mwaka 2024, dada yake la nne. Wanasomea meza moja ya jikoni, na wameshaanza kubishana nani atamtangulia mwenzake kupata dawati la kidato cha kwanza. Nimewaambia nitamwuliza Mkurugenzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, Dodoma